Utafiti wa walimu katika somo la Hisabati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa Hisabati kila wanapotakiwa kuchunguza ufundishaji wao wenyewe. Mifano mingi ni ya shule za serikali za Tanzania, msingi na sekondari. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Utafiti tendaji ni nini hasa?

Ni mwalimu kuchagua tatizo moja la ufundishaji wake, kukusanya ushahidi wake, kujaribu njia nyingine ya kufundisha, kupima kilichotokea, kurekebisha na kurudia. Mtafiti ni mwalimu mwenyewe na darasa ni lake. Jina hilo alilieneza Kurt Lewin huko Marekani mwaka 1946, na miaka ya 1970 Lawrence Stenhouse wa Uingereza akasisitiza kwamba mtaala hauboreki bila mwalimu kuuchunguza darasani mwake.

Kikwazo cha kwanza kinaanzia vyuoni. Wengi wetu tulikutana na utafiti kama kijitabu cha sura tano chenye jalada gumu, kinachokabidhiwa kwa msimamizi na kusahaulika. Mwalimu akisikia “utafiti” anawaza hojaji na mapitio ya maandiko. Utafiti unaozungumziwa hapa unaweza kutosha kwenye kurasa nne za daftari la kawaida, na ukifika kurasa ishirini huenda umeshapotea njia.

2. Hii si MEWAKA ile ile kwa jina jingine?

Zinakaribiana, na ni afadhali ziende pamoja, kwa sababu hakuna shule yenye nafasi ya vikao viwili. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yanaelekeza walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, wajadili changamoto za kufundisha na kusaidiana. Kwa hiyo kikao kipo tayari kwenye ratiba, au angalau kwenye faili la mwalimu wa taaluma.

Tatizo ni kinachofanyika humo. Mara nyingi mtu mmoja anasoma moduli kwa sauti, wengine wanasahihisha madaftari, kisha mahudhurio yanasainiwa. Kikao hicho kingegeuka kabisa kama kila mwalimu angekuja na madaftari matatu ya wanafunzi waliokosea swali lilelile.

3. Kuna mahali njia hii imewahi kufanya kazi?

Japani ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Kule walimu hupanga somo moja kwa pamoja, mmoja hulifundisha huku wenzake wakiangalia wanafunzi, kisha hukaa kulichambua na kulirekebisha. Utaratibu huo unaitwa jugyō kenkyū na una zaidi ya miaka mia moja.

Karibu nasi, Kenya ilianza SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi sekondari, mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, kwa majaribio katika wilaya tisa, na kuanzia 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Ulizaa CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa Hisabati na Sayansi kilichopo Karen, Nairobi. Walimu walifundishwa kupanga, kutenda, kuangalia na kuboresha. Zambia nayo ilianza kutumia masomo ya pamoja ya aina ya Kijapani mwaka 2005, katika Mkoa wa Kati.

Uzoefu wa Kenya unafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu mafunzo yalipita kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Kila ngazi ilimwaga kidogo. Mwalimu alirudi shuleni akiwa na mbinu mpya kichwani lakini hana mwenzake wa kumwangalia akiijaribu, na ratiba ya shule ilikuwa ileile aliyoiacha.

4. Tuanze na swali gani?

Hapa ndipo kazi nyingi hufa kabla hazijazaliwa. Walimu wakikaa, swali linalotoka ni “Kwa nini wanafunzi wanafeli Hisabati?” Majibu yake tunayajua wote: uchache wa walimu, vitabu, njaa, wazazi, msingi mbovu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo mwalimu wa darasa la nne atalibadilisha kufikia Ijumaa.

Swali zuri ni dogo kiasi kwamba linaonekana kwenye daftari la mtoto. Chukua 403 – 158. Jibu ni 245, lakini ukipita kwenye madawati utakuta 355 imejaa. Mwalimu anaandika alama ya kosa na maneno “hajui kukopa”, basi anafundisha kukopa upya kwa darasa zima.

Sasa mwite mtoto mmoja, mwambie akueleze alivyofanya. Atasema: “Tatu kutoa nane haiwezekani, nikafanya nane kutoa tatu, tano. Sifuri kutoa tano haiwezekani, nikafanya tano kutoa sifuri, tano. Nne kutoa moja, tatu.” Huyu hajakopa kabisa, anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Mwite wa pili mwenye 355 ileile: “Nimekopa, ikawa kumi na tatu kutoa nane, tano. Sifuri nayo ikakopa, ikawa kumi, kutoa tano, tano. Nne kutoa moja, tatu.” Huyu anakopa, ila mahali penye sifuri anakopa bila kupunguza popote: mamia yamebaki manne, na lile kumi lililokwenda kwenye mamoja halijaondolewa. Jibu ni moja, matatizo ni mawili, na dawa ya mmoja haimsaidii mwingine.

Zaidi ya hapo, swali lenyewe lilikuwa bovu kama chombo cha kupimia. Badilisha 158 iwe 128. Jibu sahihi ni 275. Mtoto wa kwanza atapata 325 na wa pili atapata 385. Umebadilisha tarakimu moja, na sasa daftari linakuambia nani ana tatizo gani bila kumwita mtu. Walimu watatu wakitumia saa moja kutunga maswali matano ya namna hii watakuwa wamefanya utafiti wenye manufaa kuliko hojaji ya kurasa sita.

Kama hamjui pa kuanzia, someni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani kila mwaka. Za darasa la saba zimeandikwa kwa Kiswahili na zina picha za majibu halisi ya watahiniwa, sahihi na yasiyo sahihi. Ni hazina ambayo shule nyingi huipokea na kuifungia kabatini.

## Muda, wakubwa na fedha

5. Nina vipindi karibu thelathini kwa wiki. Muda nitautoa wapi?

Hutaupata kwa kuongeza kazi. Utaupata kwa kubadilisha kazi unayoifanya tayari. Kusahihisha unasahihisha, sasa badala ya kuweka alama tu kwenye madaftari yote, chagua swali moja na uhesabu aina za makosa. Andalio la somo unaliandika. Sasa andika moja kwa wiki pamoja na mwenzako. Sehemu ya tathmini chini ya andalio ipo, nasi kwa desturi tunaijaza “somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi” hata kabla kipindi hakijaisha. Andika hapo kosa moja ulilolisikia kwa masikio yako. Baada ya mwezi una data.

Hata hivyo tusidanganyane. Shule yenye walimu wawili wa Hisabati kwa mikondo minane haina nafasi ya kufanya hili kila wiki. Mzunguko mmoja kwa muhula unatosha, na ni bora kuliko mipango kabambe inayokufa mwezi wa pili.

6. Mkuu wetu anataka ufaulu upande mwaka huu. Nitamshawishije?

Usimpelekee neno “utafiti”. Yeye anadaiwa matokeo na afisa elimu, naye ana haki ya kuogopa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, takribani asilimia 20 tu ya watahiniwa walifaulu Hisabati. Mkuu anayeziona takwimu hizo kila Januari ameshajaribu makambi, vipindi vya jioni na mitihani ya kila Jumamosi. Mwonyeshe karatasi za mtihani wa mwisho wa muhula, umwoneshe swali moja ambalo nusu ya darasa wamekosea kwa namna ileile, kisha umwombe vipindi viwili tu. Mkuu wa shule huelewa haraka anapoona makosa yenyewe.

Akikataa, anza na darasa lako bila kelele. Huhitaji ruhusa ya kusahihisha kwa makini.

7. Nikienda kuangalia kipindi cha mwenzangu, nani atabaki na darasa langu?

Mtengeneza ratiba ndiye mtu wa kumwendea, tena kabla muhula haujaanza. Mwombe awapangie walimu wawili wa Hisabati kipindi kimoja cha pamoja ambacho wote hawana darasa, na kingine ambacho mmoja anafundisha na mwingine yuko huru. Ratiba ikishabandikwa ukutani, kila badiliko ni ugomvi. Kwa shule za msingi ambako mwalimu mmoja hubeba masomo mengi, mwalimu mkuu au mwalimu wa zamu anaweza kukaa na darasa lako kwa dakika 40 likifanya zoezi. Hilo linahitaji heshima na kuombana, na hufanyika pale ambapo watu wanaelewana.

8. Kuna posho?

Kwa kazi ya ndani ya shule, hapana. Ni swali halali, na wanaolikwepa ndio wanaoua miradi. Walimu wamezoea kwamba mafunzo ni safari ya mjini, nauli, chai na posho. Mafunzo yanayofanyika ofisini kwao wenyewe yanaonekana ni ya daraja la chini. Kenya nako malalamiko kuhusu posho na vyeti visivyohesabika kwenye kupandishwa cheo yaliufuata mradi wa SMASSE.

Msimamo wangu ni kwamba chai na kitafunwa kutoka shuleni ni jambo dogo linalofaa kudaiwa. Zaidi ya hapo, kazi iwe ndogo kiasi kwamba haihitaji kulipiwa. Mradi unaoanza kwa posho ya mfadhili husimama siku mfadhili anapofunga ofisi.

## Ndani ya darasa

9. Darasa langu lina wanafunzi mia na zaidi. Nitachunguzaje?

Usichunguze mia. Chagua sita: wawili wanaoweza, wawili wa kati, wawili wanaosuasua, wavulana na wasichana. Hao ndio utakaowafuata kwa mzunguko mzima. Madaftari yao utayasoma kwa kina na maelezo yao utayasikiliza wakati wengine wanafanya zoezi. Wote wengine wafanye swali moja kwenye kikaratasi mwisho wa kipindi. Vikaratasi mia unavipanga kwa mafungu ya majibu yanayofanana kwa muda wa chai, bila kusahihisha.

Usichague sita wanaokaa mbele. Wale wa nyuma karibu na dirisha ndio wenye habari.

10. Mwenzangu akiingia darasani kwangu najisikia nakaguliwa. Nifanyeje?

Kwa maoni yangu hiki ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote, kikubwa kuliko muda na fedha, na hakitajwi kwenye vikao kwa sababu ni aibu kukitaja. Mwalimu wa kwetu amezoea kwamba mtu mzima akikaa nyuma ya darasa na kalamu, kuna jambo. Ama ni mthibiti ubora, ama ni afisa elimu kata, ama ni mkuu anayetafuta kosa. Ofisi kubadilishiwa jina kutoka ukaguzi kwenda uthibiti ubora hakujaondoa baridi ya tumboni. Matokeo yake, siku mwenzako anapokuja, unafundisha somo ulilolirudia mara tatu, wanafunzi wameshapangiwa nani ajibu nini, naye anaona maigizo.

Kinachosaidia ni kubadilisha kinachoangaliwa. Mgeni asikae nyuma akimtazama mwalimu. Akae pembeni ya mwanafunzi mmoja, aandike tu kile mwanafunzi huyo anachoandika, anachofuta na anachomnong’oneza jirani yake. Baadaye kikaoni hana la kusema kuhusu sauti yako, ubao wako wala nguo zako. Atasema: “Alipofika kwenye sifuri alisimama, akatazama daftari la mwenzake, akanakili.” Hapo mnazungumzia sifuri.

Mambo mengine mawili. Mwenye somo azungumze kwanza baada ya kipindi, kabla ya mgeni. Na karatasi za mgeni zibaki kwa mwenye somo. Zisiingie kwenye faili la mkuu hata kidogo. Siku moja zikitumika kumjaza mtu fomu ya utendaji, hakuna mlango utakaofunguliwa tena katika shule hiyo. Mwalimu mwenye umri mkubwa akiwa wa kwanza kuangaliwa, vijana hufuata. Ukianza na mwalimu mpya aliyeripoti juzi, wote wataelewa kwamba ni ukaguzi.

11. Nikiwauliza wanafunzi wa sekondari wanielezee walivyofikiri, wananyamaza. Kwa nini?

Mara nyingi ni lugha. Mtoto amesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza anatakiwa afikiri hadharani kwa Kiingereza mbele ya wenzake wanaosubiri kumcheka. Ananyamaza, nawe unaandika “hajui”. Mwambie aeleze kwa Kiswahili. Unachotafuta ni fikra ya hisabati, na fikra hiyo ipo. Kidato cha pili utasikia kwa urahisi kabisa mtu akikuambia kwamba (x + 3)² ni x² + 9 “kwa sababu mbili ya juu inaingia kwa kila mmoja”. Sentensi hiyo ni dhahabu: anatumia kanuni ya kuzidisha mahali pa kujumlisha, na sasa unajua pa kuanzia. Kama shule ina sheria kali ya lugha, mazungumzo haya yafanyike nje ya kipindi.

Sababu nyingine ni fimbo. Mwanafunzi aliyewahi kuchapwa kwa jibu lisilo sahihi hatakueleza jinsi alivyokosea. Hakuna mbinu ya utafiti inayozunguka hilo.

12. Nitajuaje kwamba badiliko limetokana na mbinu yangu?

Hutajua kwa uhakika wa kimaabara, nawe huhitaji. Wape maswali yanayopima kosa lilelile kabla, baada, na tena wiki kadhaa baadaye bila kuwatangazia. Namba zibadilike, muundo ubaki. Kipimo cha tatu ndicho cha kuaminika, kwa kuwa siku ya pili baada ya kufundishwa karibu kila mtu anaweza. Kama una mikondo miwili, unaweza kuanza na A na kuchelewesha B wiki mbili. Baadaye B nao wapate. Kuwanyima kabisa ili upate kundi la kulinganisha si haki.

Usijenge hoja juu ya wastani wa mtihani wa muhula. Unabeba mada kumi na uliyoibadilisha ni moja.

13. Nikifanya haya, muhtasari hautaisha. Itakuwaje?

Muhtasari huwa haumaliziki hata sasa, au unamalizika ubaoni huku wanafunzi wamebaki mada ya tatu. Chagueni mada inayobeba nyingine: thamani ya nafasi, sehemu, namba hasi, milinganyo. Dakika zilizopotea hapo hurudi mbele. Kwa darasa la mtihani, miezi ya mwisho achaneni nalo kabisa; fanyeni kazi hii na darasa la tatu, la tano, kidato cha kwanza au cha tatu.

## Hali zisizo za kawaida

14. Niko peke yangu, mwalimu pekee wa Hisabati shuleni. Nafanya na nani?

Na mwalimu wa Fizikia, Jiografia au hata Kiswahili. Kazi ya kukaa pembeni ya mwanafunzi (swali la 10) haihitaji digrii ya Hisabati. Asiyejua mada wakati mwingine anaona zaidi, kwa sababu anakwama palepale mtoto anapokwama. Pia tumia shule jirani za kata yenu. Kupiga picha madaftari ya wanafunzi, majina yakiwa yamefichwa, na kuyajadili kwa simu na mwenzako wa shule ya pili ni kazi halali.

15. Matokeo yameonyesha mbinu yetu haikusaidia. Tufanye nini?

Andikeni hivyo hivyo. Desturi yetu ya kila ripoti kumalizika kwa “mafanikio makubwa” ndiyo inayofanya shule ya pili irudie jambo lisilofaa. Kisha rudini kwenye madaftari ya wale sita. Mara nyingi mtakuta mbinu ilisaidia kosa moja na kuacha jingine, kama wale watoto wawili wa 355.

16. Naweza kuwarekodi wanafunzi kwa video?

Kwa ruhusa ya mkuu na wazazi, na kwa matumizi ya kikao tu. Video isiingie kwenye kundi la WhatsApp la walimu, maana haitabaki humo. Kwa kazi nyingi picha ya daftari inatosha. Kama unakusudia kuchapisha au kutumia data kwa shahada, utaratibu ni mwingine: chuo chako na ofisi ya halmashauri wahusishwe kabla hujakusanya chochote.

17. Mwalimu aliyekuwa anaongoza amehamishwa. Kila kitu kimekufa. Tunafufuaje?

Hii hutokea kila mara, na uhamisho hautangazwi mapema. Kinga yake ni mbili. Uongozi uzunguke kila muhula, hata kwa asiyependa. Na pawe na daftari moja kubwa la idara, lenye maswali mliyotunga, makosa mliyoyakuta na mlichojaribu, likae kabati la shule badala ya mkoba wa mtu. Mwalimu mpya akiripoti, mpeni hilo kabla ya kumpa ratiba. Kama aliyehama aliondoka na kila kitu, msimtafute awatumie; anzeni na karatasi za mtihani uliopita, mkitafuta makosa kama ilivyoelezwa katika swali la 4, mtakuwa mmefika alipokuwa ndani ya wiki chache.